Vitu vya kutunzia mbwa ninavyovikubali kuliko vyote: dawa za kupe, kitanda, shampuu, minyoo. Njooni tupeane uzoefu

#1 Baba Jimmy

Wakuu habarini za jioni. Naona kila baada ya siku chache mtu anakuja kuulizia dawa ya kupe wa mbwa halafu kila mtu anamjibu lake, mara dawa ya ng'ombe, mara oili chafu, mara chinja tu huyo mbwa chukua mwingine. Nimeona nikae niandike kwa urefu vitu ninavyotumia mimi na kwa nini navipenda. Nipo Kigamboni, nafuga shepadi dume anaitwa Jimmy na jike wa kienyeji anaitwa Kipusa, joto la huku mnalijua na mchanga wa huku mnaujua. Walio Njombe au Mbulu mtapunguza mawili matatu kwa sababu ya baridi ila mengi yanaingiliana.

Kupe kwanza, maana huyu ndo anaua mbwa mjini kuliko watu wanavyodhani. Kupe anayesumbua majumbani ni yule wa kahawia, na ubaya wake hahitaji pori wala ng'ombe, anazaliwa anakua na anataga ndani ya uzio wako. Anapanda kwa mbwa mara tatu maishani mwake, akiwa mdogo kabisa mwenye miguu sita, akiwa wa kati, na akiwa mkubwa, na kila akishiba anadondoka anaenda kujificha kwenye ufa wa ukuta, kwenye mbao za banda, chini ya fremu ya mlango. Jike akishiba anataga mayai mpaka elfu 4 hivi. Na akikosa mbwa anaweza kukaa na njaa zaidi ya mwaka na asife. Sasa mtu anamwogesha mbwa Jumamosi, Jumatano anaona kupe tena, anasema dawa feki, kumbe aliua wale waliokuwa juu ya mbwa tu, jeshi lote lipo ukutani linasubiri.

Kwa hiyo kwangu kitu namba moja ni kidonge cha kutafuna. Nimetumia NexGard ambayo ni ya kila mwezi, na sa hivi natumia Bravecto ambayo inakaa wiki 12. Ipo na Simparica nayo ya kila mwezi. Ninachokipendea kidonge ni kwamba hakitoki na maji, mbwa ataoga, atanyeshewa, ataingia baharini, dawa ipo kwenye damu, kila kupe anayepanda kunywa anakufa, na akifa jike kabla hajashiba hakuna mayai. Ukishikilia bila kuruka miezi kadhaa mbwa wako ndo anageuka kuwa mtego wa kumaliza kupe wa nyumba nzima. Vinauzwa kwa uzito wa mbwa, kwa mfano NexGard ya kilo 10 hadi 25 ni tofauti na ya 25 hadi 50, kwa hiyo mpime mbwa kwanza, usinunue kwa kukadiria kwa macho, na usinunue cha mbwa mkubwa ukakate ugawie wadogo maana huna uhakika dawa imeenda sawa kila kipande. Bravecto mpe na chakula, inaingia mwilini vizuri zaidi.

Najua mtasema bei. Ni kweli ni ghali ukiiangalia siku unayolipa, ila piga hesabu ya wiki 12, halafu piga na hesabu ya mbwa aliyeshikwa na homa ya kupe, dripu, sindano, vipimo, na kuna wengine hawaponi. Mimi nipo tayari kukosa kitu kingine chochote kwenye orodha hii ila sio hiki.

Kwa Kipusa natumia mkanda wa shingoni wa Seresto, unakaa mpaka miezi 8, una dawa mbili ndani yake na mojawapo inamfukuza kupe kabla hajang'ata. Uzuri wa mkanda ni hapo. Ila mikanda feki imejaa, ukiona mkanda unauzwa bei ya soda kwenye taa za barabarani achana nao. Na ufunge hivi: vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo, kilichozidi kata.

Halafu banda. Hapa ndo wengi wanakwama. Pampu ya mgongoni na dawa ya kuogeshea mifugo yenye amitrazi au sipamethrini, unachanganya kama chupa inavyosema sio kwa kukisia, mbwa umemtoa, unapiga kwenye nyufa, pembe za ukuta, dari ya banda (kupe anapenda kupanda juu), unaacha pakauke kabisa ndo mbwa arudi. Unarudia baada ya wiki mbili na tena baada ya wiki mbili, sababu mayai dawa haiyaingii vizuri, unasubiri yatotolewe ndo uwakute. Nyufa ziba na saruji. Hiyo saruji nayo ni dawa ya kupe, wala sitanii.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote na wala hakijatoka duka la wanyama. Kitanda. Nilienda kwa fundi wa kuchomelea hapa hapa mtaani akaniunganishia fremu ya bomba, miguu ya urefu wa goti, juu tukavuta turubai zito la lori tukalifunga kwa kamba. Mbwa analala juu, hewa inapita chini, tumbo halipati unyevu wa sakafu, kupe hana pa kujificha kama kwenye godoro, ukitaka kusafisha unamwagia maji ya sabuni unaegesha juani. Na kubwa zaidi kwa sisi wa pwani, mbwa halali mchangani chini ya mwembe, na pale ndipo yule nzi anapotaga mayai yake kwenye mchanga wenye mkojo, funza wanatotolewa wanaingia kwenye ngozi ya mbwa, unamwona ana vijipu vyenye tundu katikati tumboni na kwenye korodani. Mbwa anateseka jamani. Tangu Jimmy apate kitanda vile vijipu sijaviona tena kwake.

Shampuu. Sabuni ya unga na ya kipande ya kufulia acheni, ngozi ya mbwa sio kama yetu, inakauka inapasuka inaanza kuwasha halafu mnasema ana upele. Mi natumia shampuu ya mbwa yenye klorohekisidini, hasa kipindi cha masika Jimmy anapopata madoa madoa kwenye ngozi. Siri ni kuiacha dakika 10 na povu lake ndo usuuze, ukisuuza hapo hapo umemwaga hela. Baada ya hapo mkaushe mpaka manyoya ya ndani, shepadi ana manyoya tabaka mbili, la ndani likibaki bichi kwenye unyevu wa Dar ngozi inaoza. Na msimnyoe mbwa wa manyoya mawili eti apate hewa, yale manyoya yanamkinga na jua pia. Chukua brashi yenye meno marefu mchane mara kwa mara, nywele zilizokufa zikitoka anapata hewa yenyewe.

Minyoo: dawa yenye prazikwanteli, pirantel na febanteli ndani ya kidonge kimoja, Drontal Plus ndo iliyozoeleka. Mbwa mkubwa kila miezi mitatu. Watoto wa mbwa kila wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu, baada ya hapo kila mwezi mpaka miezi sita.

Vingine harakaharaka. Bakuli la chuma kisichoshika kutu, plastiki wanatafuna na inashika uchafu. Mkasi wa kucha wa mbwa. Kile kijiti chenye ndoano cha kung'olea kupe, unamzungusha anatoka mzima na mdomo wake, msiwachome na kiberiti wala kumwagia mafuta ya taa, na msiwapasue kwa vidole. Mdoli wa mpira wa Kong, ndani najaza ugali laini na mchuzi wa dagaa nagandisha kwenye friji, shepadi kijana anashinda nao na milango yako inapona.

Chanjo sijaiweka kwenye vitu ninavyovipenda maana ile ni lazima. Karibuni, picha ya kitanda nitaweka.

#2 Mkulima Kijana

Nimesoma mwanzo mwisho mkuu, asante sana. Hiyo ya kitanda kesho naenda kwa fundi. Swali, turubai haliliwi? Wa kwangu anakula mpaka ndala.

#3 Baba Jimmy

Mkuu vuta likaze kama ngoma, kona zikunje ziingie ndani ya bomba asipate pa kuanzia. Anachoweza kukamata na meno ndo anachokula. Na mpe kitu cha kutafuna halali, mbwa chini ya mwaka lazima atafune. Ila usimpe mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, unapasuka vichongoka unamtoboa utumbo.

#4 Mtu wa Gilgil

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu kuna ule unga mweupe wa daiyatomaiti, mgodi uko hapo tu Kariandusi, watu wanaunyunyiza kwa kuku na kwa mbwa kama dawa ya viroboto. Mimi nautumia kwa kibanda, kwa sakafu kavu, na nimeona viroboto wamepungua sana. Unakwaruza ngozi ya mdudu anakauka. Lakini ukilowa haufanyi kazi tena, na usiupulize ukiwa hapo bila barakoa maana ni vumbi kali kwa mapafu, yako na ya mbwa. Kwa kupe sijaona ukisaidia pakubwa, hapo nakubaliana na wewe kabisa, tembe ndio mambo yote. Agrovet nyingi za Nakuru unazipata sasa, zamani ilikuwa lazima uende Nairobi.

#5 Dada Tumaini

Naomba kuuliza, kuna mtu kaniambia majani ya mwarobaini yanatosha, unachemsha unamwogesha. Mwingine kasema oili chafu ya gari kwa upele. Mbwa wangu wa kienyeji manyoya yametoka mgongoni na masikioni anajikuna usiku kucha hatulali. Hela ya vidonge hivyo sina kwa sasa.

#6 Baba Jimmy

Dada pole sana, na huyo mbwa pole zake. Oili chafu HAPANA, nakuomba. Ile oili ina mabaki ya chuma na sumu za injini, mbwa anajilamba inaingia tumboni, nyingine inapita kwenye ngozi iliyochubuka inaenda kwenye ini na figo. Watu wanaona upele umepungua wanashangilia, hawaoni kinachoendelea ndani. Nimeona mbwa wa jirani alivyoisha kwa oili, sitaki kuona tena.

Mwarobaini haumdhuru ukioshea, unafukuza fukuza wadudu kidogo, ila kwa mbwa aliyeshakuwa na upele wa kutoka manyoya hautatosha. Halafu upele upo wa aina aina, kuna wadudu wanaochimba ngozi na huo unaweza kuruka kwenda kwa binadamu mkawashwa nyumba nzima, kuna wadudu wanaokaa kwenye mashina ya nywele, kuna fangasi. Daktari anakwaruza ngozi kidogo anaangalia kwenye darubini. Kama upo Moro hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) inapokea mbwa, ukiwa kwingine muulize afisa mifugo wa kata akuelekeze.

#7 Daktari wa Vijijini

Nimepita, mimi ni daktari wa mifugo, nimependa uzi huu, niongeze mambo maana Baba Jimmy kaeleza vizuri ila kuna sehemu zinataka umakini.

Dada Tumaini, kama ni wadudu wa upele, vidonge vile vile vya kupe vinawaua pia, kwa hiyo hela moja inafanya kazi mbili. Usikubali mtu aje na sindano ya ivamektini ya ng'ombe akampige kwa kukadiria. Ile dawa ya asilimia 1 imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, kosa dogo la bomba kwa mbwa wa kilo 12 ni dozi kubwa mno. Na kuna mbwa wana kasoro ya kurithi, hasa jamii ya Kolli na hata baadhi ya shepadi, dawa inaingia kwenye ubongo, mbwa anayumba, anapofuka, anazimia. Kwa machotara wa mjini huwezi kujua nani kabeba.

Kuhusu vidonge vya kupe. Ni dawa nzuri sana, mimi mwenyewe naviandika. Ila mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba kundi hili linaweza kuleta mtetemeko au degedege kwa mbwa wachache. Mbwa mwenye historia ya kifafa mwambieni daktari kabla. Pia eleweni kupe lazima ang'ate ndo afe, kwa hiyo hatari ya homa inapungua sana lakini haiishi. Ukaguzi wa mkono uendelee, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwapani.

Dalili za homa ya kupe nizitaje maana watu wanachelewa. Mbwa kaacha kula, joto, kachoka, fizi nyeupe, damu puani, vidoti vyekundu tumboni. Shepadi huwa anaugua vibaya kuliko wengine. Tiba yake ni doksisaiklini na kozi ya kawaida ni siku 28, narudia 28, watu wanaacha siku ya nne wakiona mbwa kala. Akikojoa mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza hiyo ni nyingine, chembe nyekundu zinapasuka, dawa yake ni tofauti, msijitibie. Na kwa homa au maumivu msimpe diklofenaki wala aibuprofeni za nyumbani, zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo.

Amitrazi ni ya banda kama alivyosema. Kumwogesha nayo mbwa ni kwa maelekezo, na watoto chini ya miezi minne, mbwa wadogo sana kama chiwawa na mbwa wenye kisukari wasiguswe nayo.

#8 Mama Zuu

Shikamoo daktari. Mimi nna mbwa mdogo mweupe wa manyoya mengi, nna paka wawili, na nna watoto wa miaka 3 na 6 wanaolala naye kwenye kochi. Dukani nimepewa ile dawa ya matone ya kudondoshea mgongoni. Ni salama?

#9 Daktari wa Vijijini

Marahaba mama. Soma boksi, ukiona neno pamethrini usiitumie kwenye nyumba yenye paka wanaolala na mbwa. Pamethrini kwa mbwa haina shida, kwa paka ni sumu, anatetemeka mpaka anakufa, na anaweza kuipata kwa kumlamba mbwa tu. Ile yenye fipronili, mfano Frontline, ina ya mbwa na ya paka, kila mmoja umpe ya kwake. Matone usidondoshe siku ya kuoga, siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuoga acha. Kwa nyumba yako ningeenda na kidonge, hakuna kitu cha kubaki kwenye manyoya watoto wakashika.

Na kwa sababu ya watoto, dawa ya minyoo usiruke. Minyoo ya mbwa mayai yake yanakaa kwenye udongo muda mrefu, mtoto anashika mchanga anaweka mkono mdomoni, mnyoo mdogo unatembea mwilini na unaweza kufika kwenye jicho. Kinyesi kiokotwe kila siku.

#10 Kijana wa Longido

Hapo kwenye minyoo naomba niongezee maana ni jambo la huku kwetu. Sisi wafugaji tukichinja, mapafu na ini lenye mavimbe ya maji tunawatupia mbwa. Yale mavimbe ndo mbegu ya ule mnyoo mdogo wa tegu, mbwa anakula, mnyoo unakua kwenye utumbo wake, mayai yanatoka na kinyesi, binadamu anayapata kwenye maji au kwa kumshika mbwa, halafu anaota vimbe kwenye ini mpaka apasuliwe. Turkana kule Kenya ugonjwa huu umesumbua miaka mingi sana, na kwetu Maasai upo. Dawa inayoua huo mnyoo kwa mbwa ni prazikwanteli, kwa hiyo mtu akinunua dawa ya minyoo ya bei rahisi aangalie kama prazikwanteli imo. Na yale mavimbe yachomwe au yafukiwe chini sana, mbwa asifikie. Nimewaelimisha boma la baba yangu mpaka wameelewa, sasa hata wazee wanamkemea mtoto akitupa ini bovu.

#11 Baba Jimmy

Longido hili nilikuwa silijui kwa undani huu, asante sana. Kidonge changu kina prazikwanteli ila nilikuwa nawaza minyoo ya kawaida tu. Hapa ndo faida ya uzi.

#12 Fundi Umeme

Mnajisumbua nyie. Mbwa wa babu yangu Singida alikuwa hajui kidonge wala shampuu, anakula makombo na kaishi miaka. Mbwa ni mbwa.

#13 Baba Jimmy

Mkuu nakuelewa, na mbwa wa kienyeji kweli ni mgumu, Kipusa kwangu anaugua mara chache kuliko Jimmy. Lakini wale waliobaki ndo tunaowakumbuka, kwenye uzao mmoja wa mbwa wa kijijini wangapi walifika mwaka? Hatukuwahesabu. Na kuna kitu kimoja hata mbwa mgumu vipi hakimuachi, kichaa cha mbwa. Kikishaonyesha dalili kwa mbwa au kwa mtu karibu hakuna anayepona, na karibu visa vyote vya binadamu duniani vinatoka kwa mbwa. Wataalamu wanasema mbwa asilimia 70 wa eneo wakichanjwa ugonjwa unakatika, sasa mbwa wa babu asipochanjwa anaondoa kinga ya watoto wa kijiji kizima. Chanjo akiwa na miezi mitatu halafu kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huwa wanachanja bure au kwa hela ndogo, ulizia kwa afisa mifugo. Na mtu aking'atwa na mbwa asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu moja kwa moja hospitali, sio kesho.

#14 Fundi Umeme

Sawa mkuu nimekupata. Hiyo ya asilimia 70 sikuwahi kuisikia. Nitampigia binamu aliyebaki pale nyumbani, wana mbwa watatu.

#15 Rotwaila Mbezi

Wakuu nisaidieni, nimefiwa na mtoto wa rotwaila kwa parvo, kaharisha damu siku chache tu basi. Nataka nichukue mwingine. Banda nilisafishe na nini? Roho inauma sana.

#16 Baba Jimmy

Pole sana ndugu yangu, parvo inakatisha tamaa, hasa kwa rotwaila, wao huwa inawashika vibaya. Usichukue mwingine haraka. Kirusi kile kinakaa kwenye mazingira miezi mingi, kwenye udongo wenye kivuli hata kupita mwaka, na deto na dawa nyingi za harufu nzuri hazikiui. JIK ndo inafanya kazi, kipimo kimoja cha JIK kwa maji vipimo 30. Ila kwanza osha uchafu wote kwa sabuni, JIK ikikutana na kinyesi au udongo inaishiwa nguvu, halafu paka iache dakika 10 ikiwa mbichi. Bakuli, mnyororo, ndala zako, kila kitu. Matambara na magodoro choma. Udongo hauwezi kuupiga JIK ukaisha, kwa hiyo mtoto mpya asikanyage uwanja ule mpaka amalize chanjo.

Na chanjo yenyewe sio moja. Inaanza wiki ya 6 mpaka 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, maana maziwa ya mama yanaweza kuizuia ile ya mwanzo isishike. Muuzaji akikuambia "kashachanjwa" omba kadi yenye stika ya chupa. Na anayekuja kuchanja nyumbani muangalie chupa imetoka kwenye barafu au kwenye mfuko wa suruali, chanjo inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, kwa joto la Dar chanjo iliyozurura kwenye bodaboda mchana kutwa sio ya kuiamini.

#17 Daktari wa Vijijini

Naunga mkono yote hapo juu. Chakula hamjakigusa. Wengi mnawapa mbwa pumba na dona la bei rahisi kwa sababu limeota ukungu. Sumu kuvu inaua mbwa, tena kwa kiwango ambacho wanyama wengine wanavumilia, ini linakufa, mbwa anakuwa wa njano machoni. Mnakumbuka 2016 sumu kuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara, ni mahindi haya haya. Hayafai kwako, hayafai kwa mbwa, kuyapika hakuitoi ile sumu. Dagaa wa maji baridi wasio na chumvi ni chakula kizuri sana kwa mbwa, changanya na dona safi na mboga kidogo, kitunguu usiweke.

#18 Mkulima Kijana

Nimerudi wakuu. Kitanda kimekamilika, fundi kanitengenezea viwili kwa mabomba yaliyobaki ya geti. Ila mbwa hataki kupanda, analala chini pembeni yake. Na masikio yake nzi wamemng'ata nchani mpaka yanatoka damu, hapo mnafanyaje?

#19 Baba Jimmy

Safi sana. Weka shuka yake ya zamani yenye harufu yake juu ya turubai, mlishe pale pale juu ya kitanda siku mbili tatu, atapanda mwenyewe.

Masikio: wale ni nzi wanaouma, wanapenda shepadi na mbwa wote wa masikio yaliyosimama. Safisha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, kidonda kikiwa wazi puliza ile dawa ya bluu ya oksitetra ya duka la mifugo, finika macho yake na pua kwa mkono wakati unapuliza, maana hiyo inaingia. Pakikauka paka vaselini nchani asubuhi na jioni, nzi hapati pa kushika. Na angalia karibu na banda kama kuna samadi au majani yaliyooza, wanazaliana humo, ukiondoa hiyo utaona tofauti ndani ya wiki chache. Ukiona sikio limevimba kama mto usimpasue mwenyewe, hiyo mpeleke.

#20 Dada Tumaini

Naleta mrejesho. Nilimpata daktari kupitia afisa mifugo, kakwaruza ngozi kasema ni wale wadudu wa kuchimba, nikachanga na dada yangu tukanunua kidonge kimoja. Anajikuna kidogo sana sa hivi na jana kala bakuli lote. Daktari kaniambia nifue matandiko yote kwa maji ya moto na mbwa mwenzake naye apewe hata kama hajikuni. Huyo wa pili ana kilo 7, nachukua cha kilo ngapi?

#21 Baba Jimmy

Ahsante Mungu, nimefurahi sana dada. Kilo 7 chukua NexGard ya kilo 4 hadi 10. Mpime tena kabla ya kununua, kama una mizani ya kawaida ya bafuni panda naye umembeba, halafu panda peke yako, utoe.